Orodha ya Majina Saba

Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2025, asubuhi, nilivuka mpaka kwa miguu kutoka Goma kuingia Gisenyi nikiwa na begi la mgongoni, laptopu mbili za ofisi na karatasi yenye majina saba. Karatasi ile niliiandika mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, mizinga ikisikika upande wa Sake. Ofisi yetu ilikuwa na wafanyakazi 64. Nilipofika jina la saba nikaweka saini, kwa kuwa hakukuwa na jina la nane la kuandika.

Wala sikuyachagua. Mkataba ulikuwa umeshayachagua tangu siku tulipoajiriwa. Kuna mkataba wa kimataifa na kuna mkataba wa kitaifa. Tofauti yake ipo kwenye mshahara na ni kubwa, lakini mtu huiona vizuri zaidi siku ya kukimbia. Wa kimataifa, shirika linawajibika kumtoa. Wa kitaifa hulipwa mshahara wa mwezi mmoja au miwili mapema, akaambiwa abaki nyumbani na afuate ushauri wa usalama. Kwamba nyumbani kwake ndiko mabomu yanakoanguka, hilo halina sehemu yake kwenye fomu.

Mimi ni mtu wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Nimekua nikiwaona Wakongo wakishushwa kwenye malori kwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yangu aliwauzia mihogo na kukopeshana nao chumvi. Nilipohamia Goma watu walinitania kwa Kiswahili changu cha redio, basi. Zaidi ya hapo sikuwa mgeni wa kushangaza. Nilikula bugali na sombe kama wenzangu. Lakini kwa karatasi nilikuwa wa kimataifa, sawasawa na Mfaransa aliyetoka Lyon wiki tatu kabla. Na kati ya wale 57 waliobaki alikuwemo dereva ambaye kaka yake ni askari wa serikali. Alikuwemo kijana wa stoo aliyewahi kutishiwa kwa jina la kabila lake. Mimi sikuwa na adui hata mmoja Goma. Nikaondolewa mimi.

Nitasema jambo moja katika makala haya, na nitalisema bila ile lugha ya ripoti ambayo imenilisha kwa miaka kumi na moja. Kazi yetu ya misaada vitani imepangwa hivi: anayebeba hatari hashiki fedha wala haamui, na anayeshika fedha na kuamua ana kiti kwenye gari la kuondokea. Mpango huu tumeupa jina zuri, usimamizi wa mbali. Nimeufanya. Ni kuondoka, kisha kuendelea kuamrisha.

Msaidizi wangu, kwa maana ya cheo, alikuwa mama wa miaka 52. Sitamtaja jina. Nilimwita Yaya, kama anavyoitwa dada mkubwa kule, naye aliniita mdogo wangu, isipokuwa mbele ya wageni ambapo niligeuka kuwa Shefu. Alianza kazi hii mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipomwagika Goma na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika wiki chache. Yeye alikuwa binti, akaajiriwa kwa kutwa kupima klorini kwenye mapipa ya maji huko Mugunga. Hajaacha tangu hapo. Alikuwa akihesabu wakubwa wake waliotoka nje: mimi nilikuwa wa kumi na nne. Kila mmoja, aliniambia, alikuja na jedwali lake.

Mimi nilikuja na mchoro wa choo. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa bajeti ya mashimo ya mita tatu kwa kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini ya mji, kwa sababu mchoro wa mfadhili ulisema mita tatu. Yaya akaisoma bila haraka, akavua miwani. "Mdogo wangu, pale ukichimba mita tatu utakutana na moto." Ardhi ya Kanyaruchinya ni lava iliyoganda, mawe yaliyotoka tumboni mwa Nyiragongo. Sururu inarudi. Choo cha pale hujengwa kwenda juu: ngazi, jukwaa la mbao, na chemba ndogo inayojaa upesi na kutaka gari la kunyonya kila mara. Kila mtu Goma analijua hilo. Mimi, niliyekuwa na mamlaka ya kusaini, sikulijua, na ilimchukua yeye miezi miwili ya barua pepe zilizoandikwa kwa jina langu kumshawishi mtu wa mbali zaidi kwamba jiwe ni jiwe.

Hayo tunayaita kujengewa uwezo. Yeye alikuwa akijengewa uwezo na mimi.

Kisha kuna suala la nani anahesabiwa. Wakongo waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka walikuwa zaidi ya milioni saba kufikia mwisho wa mwaka 2024, na wengi wao hawajawahi kulala kambini. Wanalala kwa shangazi, kwa rafiki wa kanisani, kwa mtu waliyesoma naye. Kambi ndiyo inayopigwa picha kwa sababu kambi ina mabati ya nembo na mistari ya mabashi meupe. Nyumba ya Yaya kule Majengo ilikuwa na vyumba viwili na, tangu mapigano ya Masisi yalipokolea, wageni kumi na mmoja. Asubuhi alitoka kwenye nyumba hiyo kuja kuniandikia ripoti kuhusu "kaya zenye uhitaji". Siku moja nilimwuliza kwa nini hajiandikishi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haombi nauli ya kwenda jikoni kwake.

Nimesema sitaki lugha ya ripoti, lakini lazima nieleze kazi ilivyo, maana asiyeifanya hudhani ni kugawa mahindi. Kazi ni orodha. Anayefika kutoka Masisi au Rutshuru anaandikwa: jina, kijiji alichotoka, idadi ya watoto, nani mjamzito, nani mlemavu. Anapewa jeto, kile kikaratasi chenye namba. Siku ya mgao anatoa jeto, anaweka dole gumba kwenye karatasi, anabeba. Bila karatasi yenye dole gumba hakuna mgao uliofanyika, hata kama nchi nzima iliuona. Hivyo ofisi ya misaada ya mji kama Goma ni, kwa uzito wake, ghala la majina: maelfu ya watu, walikotoka na wanakolala. Wakati wa amani hiyo ni takwimu. Wenye bunduki wakibadilika mjini, ni kitu kingine.

Na kazi ni barabara. Tunafundishwa kanuni nne: utu, kutopendelea, kutoegemea upande, kujitegemea. Ninazijua kwa moyo na ninaziamini. Siku moja tukiwa njia ya Masisi tulisimamishwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Nikashuka na barua yangu yenye mihuri, imefunikwa kwa plastiki. Kijana mwenye bunduki akaipokea juu chini, akaishika hivyo muda mrefu. Ndipo dereva wetu akashuka polepole, akamsalimu, akamuuliza kijiji chake. Kijana akakitaja. Dereva akasema shemeji yake hununua ng'ombe hapo, na je, yule mzee mwenye jicho moja bado yu hai? Bado. Kamba ikashushwa. Jioni nikaandika kwenye ripoti kwamba ruhusa ya kupita ilipatikana kwa kuzingatia kanuni za kibinadamu. Dereva huyo ndiye mwenye kaka askari. Kwenye orodha yangu ya Jumamosi hakuwemo.

Turudi Gisenyi. Jumatatu tarehe 27 M23 walitangaza kwamba Goma ni yao. Kutoka hotelini tulisikia silaha ng'ambo kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani, na mabomu mengine yaliangukia hata upande wetu na kuua watu. Siku hiyo hiyo ilinifikia barua nyingine. Wiki moja kabla, tarehe 20, rais mpya wa Marekani alikuwa amesaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kuanzia tarehe 24 mashirika yakaanza kupokea amri za kusimamisha kazi. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imelipia takriban asilimia 70 ya shughuli za kibinadamu nchini Kongo. Barua yetu ilisema tuache mara moja shughuli zote na tusiingie gharama yoyote mpya. Haikuwa na neno Goma ndani yake.

Mji ulikuwa hauna umeme wala maji ya bomba. Watu walikuwa wakichota Ziwa Kivu moja kwa moja, na kipindupindu Goma hakihitaji mwaliko. Maghala ya misaada yalikuwa yakiporwa. Yaya, ambaye kwa mujibu wa maelekezo yangu alitakiwa kukaa ndani, alikuwa amewapanga vijana tisa kwenye magati matatu ya kuchotea maji, kila mmoja na bomba la sindano lisilo na sindano, kutia klorini kwenye kila bidoni inayopanda kutoka ziwani. Klorini ilikuwa imebaki nyumbani kwake, ndoo kadhaa, kwa sababu alikuwa amekataa kuirudisha ghalani wiki iliyotangulia. Nilimgombeza kwa hilo, kwa maandishi. Ilikuwa kinyume cha utaratibu wa stoo. Ghala likaporwa, klorini yake ikabaki.

Nikampelekea ile barua. Nilikuwa na njia nyingine? Nimejiuliza mara nyingi. Ningeweza kuchelewa, kusingizia mtandao, maana kweli mtandao ulikuwa ukija na kupotea. Sikuchelewa. Niliituma na kuongeza mstari mmoja wa kumtakia usalama. Jibu lake lilifika usiku:

"Nimesoma, Shefu. Bantu banakunywa maji ya ziwa."

Kwa miaka mitatu hajawahi kuniita Shefu tukiwa wawili.

Aliendelea siku kumi na moja. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, na mwenye fedha kwenye simu alipata wa kumtolea kwa kukatwa kiasi. Alitumia akiba yake na mchango wa kanisa lake. Klorini ilipoanza kuisha alipata nyingine kwa mfanyabiashara wa Birere, ikabebwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo bila hiyo Goma haili. Vijana aliwapa chakula na kidogo cha mfukoni. Jumla, dola 214. Mimi kwa kipindi hicho nilikuwa nimeshapelekwa Kigali, kisha Nairobi. Kitanda changu cha hoteli kwa siku hizo kumi na moja kiligharimu zaidi ya mara sita ya fedha hiyo. Hoteli ilitoa risiti yenye muhuri.

Kuna jambo jingine alilifanya, ambalo sikuambiwa mpaka Machi. Usiku wa tarehe 26, kabla ya mji kuanguka, aliingia ofisini na mlinzi, wakatoa masanduku ya karatasi za mgao wa Desemba, zile zenye madole gumba, wakaenda nazo nyumbani kwake wakazichoma kwenye mbabula, mkono kwa mkono, mpaka alfajiri. Kaya 1,150. Alijua kwamba kesho mtu yeyote mwenye bunduki angeweza kuzisoma na kujua nani ametoka kijiji gani, na kwamba katika vita hivi jina la kijiji linatosha. Hakuna mwongozo wa usalama wa taarifa niliowahi kuandika, na nimeandika viwili, uliowahi kulinda watu namna hiyo.

Februari, waliokuwa wakiishi kwenye kambi za kuzunguka Goma waliambiwa wana saa 72 za kuondoka. Kambi zilibomolewa. Watu walifungasha mabashi na miti, wakarudi walikotoka, wengine wakienda kwenye mashamba ambayo hawakujua kama yana mabomu au yana mtu mwingine. Baadhi yao walipitia Majengo. Yaya akaongeza wageni.

Ndipo Aprili idara ya fedha ikafungua hesabu za mwezi Januari.

Barua kwenda kwake niliiandika mimi. Ninayo bado. Inasema: tafadhali eleza kwa maandishi kwa nini matumizi ya dola 214 yalifanyika katika kipindi ambacho shughuli zilikuwa zimesimamishwa, ambatanisha risiti halisi zenye muhuri, eleza zilipo karatasi halisi za mgao wa Desemba. Nilitumia neno "tafadhali" mara tatu. Alikuwa ameomba arudishiwe fedha hizo, na badala ya kurudishiwa alifunguliwa ukurasa wa mahojiano. Pesa za kanisa zilizopitia kwenye akaunti ya kazi ya simu yake zilisomeka kama masurufu yasiyorejeshwa. Akawa na deni.

Mfanyabiashara wa Birere duka lake liliporwa, na muhuri wake ukaenda na droo. Mwenye chukudu hajawahi kuwa na muhuri.

Sasa najua nitakayojibiwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikijibu hivyo. Watasema fedha ni za walipa kodi, lazima zilindwe. Watasema wenyeji wana ndugu, wana makabila, wanashinikizwa. Watasema Kongo ina ufisadi.

Kongo ina ufisadi, na ufisadi umo ndani ya misaada pia. Anayekataa hajafanya kazi kule. Nimewahi kufukuza mtu aliyeuza jeto. Nimewahi kukuta bloki nzima ya majina ya watu wasiokuwepo, yameandikwa na mkuu wa bloki kwa mwandiko mzuri. Lakini hoja kwamba mgeni ndiye kufuli la wizi haisimami. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika eneo hili hili, wageni walijaa hoteli, magari na mikutano. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021 kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa na watu wa misaada: ilitambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe, wenyeji na wageni pia. Wanawake waliahidiwa kazi kwa kulala na mtu. Karatasi zote za kipindi kile, nina hakika, zilikuwa na mihuri.

Na mkuu wa bloki aliyeandika hewa, nani alimkamata? Yaya. Alizijua nyumba. Mimi nililiona jedwali limejaa nikafurahi.

Kuhusu ndugu na shinikizo: ndiyo, wenyeji wana ndugu. Yule dereva ana ndugu. Ndiyo maana tulipita. Mtu anayetaka msaada ufike Masisi kwa mikono ya watu wasiomjua yeyote Masisi anataka msaada usifike. Shinikizo lipo, na dawa yake ni kumpa mtu ulinzi unaolingana na shinikizo hilo, pamoja na sauti ya kusema hapana inayosikika juu yake. Sisi tunamwacha na shinikizo lote, kisha tunamtumia fomu ya kueleza.

Nao wanaouawa ni akina nani? Zaidi ya tisa kati ya kumi ya wafanyakazi wa misaada wanaouawa duniani ni wenyeji wa nchi wanazofanyia kazi. Wanaofanya kazi hii ni wenyeji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtu anaweza kusema ni hesabu ya kawaida. Sawa. Basi na fedha zifuate hesabu hiyo ya kawaida. Mei 2016, huko Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za kibinadamu zitakwenda kwa mashirika ya wenyeji, kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ulipita. Kinachowafikia moja kwa moja kimebaki asilimia chache, chini ya kumi, na ahadi imesogezwa mbele kama harusi ya bwana asiye na mahari. Nilihudhuria semina mbili kuhusu ahadi hiyo, zote kwenye hoteli za kando ya ziwa, zote kwa lugha ambayo vijana wa klorini hawaijui.

Kuna wenzangu watakaosoma haya na kusema ninatukana kazi inayookoa watu. Inaokoa. Nimeona mtoto wa kipimo chekundu akirudi kwenye kijani kwa wiki sita za lishe ya karanga, na siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu anayesema misaada yote ni uongo, hasa akiwa amekaa mahali penye maji ya bomba. Amri ile ya Januari iliyokata fedha ilifanya ubaya mkubwa kuliko lolote ninalolilalamikia hapa. Lakini ilifanya kwa urahisi ule kwa sababu sisi tulikuwa tumeshajenga mfereji mmoja mrefu, kutoka mji mmoja wa mbali hadi ndoo ya Yaya, na koki yake tukaiacha huko huko mbali. Mtu mmoja akaifunga kwa kalamu. Kama robo tu ya fedha za miaka tisa ingekuwa imepita kwenye vyama vya akina mama wa Goma, makanisa, vyama vya wenye chukudu, wangekuwa na stoo zao, akaunti zao, na mamlaka ya kuvunja utaratibu wa stoo bila kugombezwa na mtu wa Kasulu.

Ninachotaka si kigumu kuandika. Nataka mkataba mmoja mbele ya hatari. Shirika likiamua mji hauna usalama kwangu, liwe limeamua hauna usalama kwa dereva pia, na gari liwe na nafasi ya familia yake, aamue mwenyewe kupanda au kubaki. Akichagua kubaki na kuendelea na kazi, ile posho ya mazingira magumu niliyokuwa nikilipwa mimi, pamoja na mapumziko yangu ya kila wiki nane na bima yangu, vihamie kwake siku ninayovuka mpaka. Saini ya fedha ihamie pia. Anayetoka nje ya eneo aache kusaini; abaki kuwa karani wa waliobaki, awatafutie fedha, awajibie barua, awaandikie hizo ripoti. Na risiti ya vita iwe ushahidi wa watu wawili wa mtaa ule ule, kama inavyokuwa kwenye kila baraza la wazee kuanzia Masisi hadi Kasulu.

Nililiandika pendekezo hili Juni, kurasa nne, nikalituma juu. Nilijibiwa kwa heshima kwamba ni mchango muhimu na utajadiliwa kwenye mapitio ya mkakati. Nikaacha kazi Agosti. Sidai ushujaa, nilikuwa na akiba, na aliyeacha kazi Goma mwaka huo hakuwa na chochote cha kuachia.

Nilimpigia Yaya kumwambia nimeacha. Akanyamaza, akauliza nitakula nini. Kisha akaniambia mashirika mawili mapya yameingia mjini na moja limemtaka awe msaidizi wa meneja atakayetoka nje. Wa kumi na tano. Nikamuuliza kama atakubali.

"Sasa nifanye je, mdogo wangu? Watoto wako ndani ya nyumba."

Dola 214 bado zinasomeka kama deni lake. Nilijaribu kuzilipa mimi mwenyewe, nikaambiwa mfumo haupokei malipo ya mtu kwa niaba ya mwingine. Mwezi uliopita nimeandika tena kuomba zifutwe, nikaeleza benki, duka, muhuri, mbabula, kila kitu, kurasa mbili. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Wananishukuru kwa maelezo, na wanaomba niambatanishe risiti.